Anayepokea simu ya aliyekata tamaa asianze na "Habari yako?"

Mhariri,

Kila ifikapo Septemba 10, siku ya kimataifa ya kuzuia watu kujiua, magazeti huchapisha namba za simu za msaada. Siku zinazofuata vituo hupigiwa na wenye shida, na pia na watu wema wanaouliza, "Nina moyo wa kusaidia, nianze lini?" Barua hii, sisi wasikilizaji wa kujitolea wa Nairobi tunaopokea simu hizo, tunawaandikia hao wa pili. Wengi huja wakidhani kazi yenyewe ni kutoa maneno ya faraja. Wakishaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuyazuia maneno hayo yasitoke mdomoni, huvunjika moyo na kuacha mafunzo katikati. Heri wajue kabla hawajafika.

Tuanze na sekunde za kwanza, maana hapo Kiswahili chenyewe hututega. Mtu amekaa na simu nusu saa, ameandika namba, ameifuta, ameiandika tena. Inapopokelewa anasikia, "Hujambo? Habari yako?" Atajibu nini? "Sijambo. Nzuri." Ndivyo tulivyolelewa, hata aliyefiwa jana husema nzuri kwanza, ndipo aongeze "ila". Basi mpigaji amejikuta ameshasema yuko salama, na ili aseme kweli itabidi ajikanushe mwenyewe. Wengine huishia hapo hapo: "Nilikuwa najaribu tu kama namba inafanya kazi," kisha wanakata. Kwa hiyo anayepokea hufunzwa kufungua kwa maneno yasiyodai jibu la adabu: "Karibu, nakusikiliza." Kisha ananyamaza.

Baada ya kufungua kuna suala la kumwita. Sisi hatuwezi kuzungumza na mtu dakika 10 bila kumpa jina la heshima: mama, mzee, dada, kaka. Lakini simu haionyeshi uso. Ukimwita "mama" mwanamke aliyepiga kwa sababu mimba ya tatu imetoka, umemchoma kwa neno ulilodhani ni la heshima. Ukimwita "mzee" mwanamume wa miaka 45 aliyeachishwa kazi akiambiwa umri umekwenda, ni vivyo hivyo. Dawa ni kungoja. Mpigaji mwenyewe atajitaja, "mimi ni kijana tu", "mimi nina watoto watatu", au atakupa jina, la kweli au la kubuni. Tumia alilokupa. Asipotoa lolote, "wewe" iliyotamkwa kwa upole haina kosa. Na msikilizaji kijana akiulizwa na mtu mzima, "Kwani wewe una miaka mingapi?" asijitetee wala asidanganye. "Huenda mimi ni mdogo kwako, na sijapitia uliyoyapitia. Lakini nina nafasi ya kukusikiliza." Mara nyingi hapo mtu mzima huendelea, kwa sababu hakutaka kujua umri, alitaka kujua kama atadharauliwa.

Kimya ndicho kinachowashinda wengi. Ana kwa ana, mtu akinyamaza unamwona anafuta machozi au anatazama chini. Kwenye simu huoni kitu, na sekunde 10 huwa kama dakika nzima. Mgeni wa kazi hukimbilia kukijaza kimya hicho: "Haloo? Uko? Unanisikia?" Pengine mpigaji alikuwa karibu kulitoa jambo alilolibeba miezi mingi, nalo likarudi chini. Katika mazoezi hutumiwa saa yenye mshale wa sekunde. Unangoja 15, unasema "niko hapa". Unangoja nyingine 20, unasema "chukua muda wako, sikati simu". Kimya hicho si cha kupumzika. Ni wakati wa kutega sikio. Pumzi zinakwenda mbio, au zinazidi kuwa nzito kama za mtu anayesinzia? Kuna upepo, kuna magari yapitayo kwa kasi, kuna mtoto analia, kuna mtu mwingine chumbani? Ulimi unaoanza kulegea katikati ya mazungumzo yaliyoanza vizuri ni sababu ya kuuliza papo hapo: "Kuna kitu umekunywa au umemeza kabla ya kunipigia?"

Maneno yanayofunga mazungumzo karibu yote ni yale tunayoyasema matangani. "Jikaze." "Yatapita." "Mungu hamwachi mja wake." "Kuna wenye shida kuliko zako." Nia ni njema, lakini masikioni mwa aliyepiga yana maana moja: mada imefungwa. Imani si kosa. Mpigaji akiitaja dini yake mfuate, muulize inamsaidia vipi, au inamtesa vipi, maana wapo wanaoamini kwamba wameshalaaniwa kwa kuwaza tu. Asiyeitaja, usimpelekee wewe. "Pole" nayo ina kipimo. Ile ya kwanza, ikisemwa taratibu baada ya jambo zito, ina kazi kubwa, na tuna bahati kuwa na neno hilo katika lugha yetu. Ya tano huwa mlio tu. "Kwa nini" huja na kidole kimenyooshwa: kwa nini ulikopa, kwa nini hukumwambia mumeo. "Ilikuwaje mpaka ukakopa?" inaulizia jambo lile lile, ila ya kwanza inadai utetezi na ya pili inamwachia mtu asimulie. Na "najua unavyohisi" iondolewe kabisa, kwa sababu hujui.

Chukua mfano mmoja kwa karibu. Mpigaji anasema, "Nimefika mwisho. Nimekopa huku nikilipa kule kwenye hizi programu za simu, sasa wanawapigia mpaka wazazi wangu." Mwenye huruma asiyefunzwa atajibu, "Usijali, deni ni kitu kidogo, utalipa polepole." Aliyefunzwa atasema, "Wameshafika mpaka kwa wazazi. Hiyo ndiyo inayouma zaidi?" Baada ya kimya sauti inarudi: "Ndiyo. Baba hajui hata kama sina kazi tena." Aibu mbele ya baba ndiyo iliyokuwa inamwelemea, na isingetoka hata kidogo kama mazungumzo yangeelekea kwenye mpango wa kulipa. Kitendo chenyewe ni kidogo: kurudisha sehemu moja ya alichosema, ile yenye uzito, kisha kuuliza swali fupi. Kikirudishwa kila kitu neno kwa neno, mpigaji ataona anaongea na kasuku. Ndiyo maana hili linahitaji mazoezi ya wiki nyingi.

Sasa swali ambalo kila mgeni huliogopa. Kwa Kiswahili, ni wachache wanaoanza kwa kusema "nataka kujiua". Husema "nimechoka", "nataka kupumzika", "afadhali nisingekuwepo", "watoto watalelewa vizuri tu na nyanya yao". Kuchoka kunaweza kuwa kuchoka kweli. Hakuna njia ya kujua ila kuuliza, na kuuliza kwa neno lenyewe: "Unaposema umechoka, unafikiria kujiua?" Usizungukezunguke. "Lakini huwezi kufanya jambo baya, sivyo?" humwonyesha mpigaji jibu unalotaka kusikia, naye atakupa hilo hilo ili asikusumbue. Wengi huhofu kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Limetafitiwa sana, na haijaonekana kwamba kuuliza huongeza hatari. Kinachosikika mara nyingi baada ya swali hilo ni pumzi ndefu ya mtu ambaye hatimaye mwenzake amelitaja.

Akijibu ndiyo, usishtuke na usihubiri. Sauti ibaki ile ile, na maswali yafuate kwa mpangilio: amefikiria angefanyaje, atakachotumia kiko karibu naye sasa, ni leo, ni wiki hii, au ni wazo lisilo na siku, amewahi kujaribu, amekunywa pombe, yuko peke yake. Mwenye wazo lisilo na mpango anahitaji kusikilizwa kwa kina na kupewa mahali pa kwenda kesho. Mwenye mpango, kitu mkononi na saa aliyoipanga anahitaji kwanza umbali kati yake na kitu hicho. Kwa hiyo ombi la kwanza kwake si "niahidi hutajiua". Ahadi za aina hiyo zilitumika sana zamani, lakini haijathibitika kwamba ziliokoa mtu, na aliyeahidi akizidiwa tena huona haya kupiga simu. Ombi la kwanza ni la kutumia mikono na miguu: "Hicho ulicho nacho, unaweza kukipeleka chumba kingine, kisha urudi kwenye simu? Nakungoja." Baadaye kidogo, jirani anaweza kupewa ufunguo wa stoo, ndugu anaweza kuja kuchukua dawa za shambani. Hamu kali ya kufa hupanda, hufika kileleni na kushuka, mara nyingi ndani ya saa chache. Kila mlango na kila dakika kati ya mtu na kile alichokikusudia humpa nafasi ya kufikia huko kwenye kushuka.

Yakishatulia, ndipo unapofika wakati wa kupanga usiku wenyewe. Mpango wa usalama unaotumika sana duniani ulitungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani, na una sehemu 6: dalili kwamba hali inaanza kuharibika, anachoweza kufanya mwenyewe kujituliza, watu na mahali pa kumwondoa kwenye mawazo, mtu wa kumwambia waziwazi, mtaalamu au kituo, na kuondoa vitu vya hatari karibu yake. Kwenye simu huwezi kujaza fomu. Unamwomba achukue kalamu aandike kwa mkono wake, hata nyuma ya risiti. Majibu yawe ya kushikika. "Nitaongea na watu" haisaidii saa tisa usiku. "Nitamgongea mama wa chumba cha tatu, huwa anaamka saa kumi kukanda mandazi" inasaidia. Na swali linalofungua mengi kuliko yote huwa hili: "Ni nini kimekufikisha mpaka leo?" Huenda ni mtoto, mbuzi, mtihani wa mdogo wake, au deni la chama ambalo hataki kumwachia mtu. Usilikuze wala usilitolee hotuba. Liandikwe tu kwenye karatasi ile.

Akiwa ameshameza au ameshajidhuru, utaratibu hubadilika mara moja. Msikilizaji habanduki kwenye simu. Mwenzake ndiye anayepiga 999 au 112. Kinachokwamisha hapa kwetu ni anwani. Ambulensi haitafika kwa kuambiwa jina la mtaa. Uliza steji ya matatu iliyo karibu, shule, kanisa au msikiti, rangi ya geti, ploti ya nani, ghorofa ya ngapi. Uliza nani yuko jirani, kuna mlinzi getini, mlango umefungwa kwa ndani au la, na mwombe aufungue sasa akiwa bado na nguvu za kusimama. Uliza alichotumia ni nini na saa ngapi, ili hospitali ijiandae. Asihimizwe kujitapisha wala asinyweshwe maziwa. Hayo ya mtaani yanaweza kuongeza madhara.

Simu yenyewe nayo ina mambo yake. Namba isiyo ya bure humla mpigaji kredi, na kredi huisha pale mazungumzo yanapofika kwenye uchungu. Wengine hawana hata shilingi. Wanaflashi na kungoja. Betri huzima. Kwa hiyo ndani ya dakika mbili za kwanza, kabla mambo hayajawa mazito, msikilizaji mzuri huuliza: "Laini ikikatika, ungependa tufanyeje?" Sera za vituo hutofautiana kuhusu kumpigia mtu tena, lakini hata pale panaporuhusu, swali la pili ni la lazima: "Namba hii hupokelewa na nani mwingine?" Nyumba nyingi zina simu moja ya watu wanne. Mume akipokea na kusikia "tunapiga kutoka kituo cha msaada", mwanamke aliyekuwa akieleza kipigo yuko hatarini kuliko kabla hajapiga. Wanaoishi chumba kimoja huongea kwa kunong'ona, halafu ghafla wanasema, "Sawa basi, nitakuletea hiyo unga kesho." Mgeni wa kazi hudhani mtu amechanganyikiwa. Ameingiliwa tu. Jibu lake ni: "Nimeelewa. Sema ndiyo au la: nikungoje?"

Si kila simu ni ya mtu aliye ukingoni. Watoto wakirudi shule hupiga kucheza, kisha siku moja mmoja kati yao hupiga bila kucheza, na huwa anapima kwanza kama atagombezwa. Basi hata mchezo hujibiwa kwa upole. Wapo wanaopiga na kutosema neno. Unakaa nao dakika kadhaa, unawaambia namba ipo saa zote, unawaaga kabla ya kukata. Wapo wanaume wanaopiga kwa ajili ya kujistarehesha na sauti ya mwanamke. Dalili ni maelezo yasiyokwisha ya mambo ya chumbani na maswali kuhusu umbo la msikilizaji. Huyo anaambiwa mara moja kwamba laini hii haifanyi kazi hiyo, akiendelea simu inakatwa, na msikilizaji haombi radhi. Na wapo wapigaji wa kila siku, walio wapweke zaidi ya kuwa hatarini. Hawa ndio mtihani wa kituo kizima. Wasikilizaji wasipoelewana, mmoja atampa mpigaji huyo dakika 90, mwingine atamkatia, naye mpigaji ataanza kuchagua zamu. Kituo kinachojali hukubaliana naye waziwazi, kwa mfano dakika 20 mara moja kwa siku, na kila zamu hufuata hivyo hivyo.

Kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa na wenye moyo mkubwa zaidi, ni kutoa namba yako binafsi. Huanza na usiku mmoja mgumu: "Ukizidiwa nipigie mimi." Sasa mtu huyo ana msikilizaji mmoja badala ya kituo kizima, na msikilizaji huyo hulala, hufiwa, huingia mahali pasipo na mtandao. Siku simu itakayolia bila kupokelewa ndiyo siku ambayo kila mtu atailipia. Hakuna kukutana kwa chai, hakuna kutumiana pesa, hakuna kutafutana mitandaoni. Mpigaji aliyeguswa na msikilizaji fulani huambiwa, kwa upole, kwamba yeyote atakayepokea kesho atamkaribisha vivyo hivyo.

Kuhusu siri: karatasi ya kumbukumbu huandikwa saa ya kuanza na kumaliza, jinsia, rika kama ametaja, shida kwa maneno machache, kiwango cha hatari, na mlichokubaliana. Jina haliandikwi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na karatasi hizo hufungiwa kabatini, hazipigwi picha kupelekwa kwenye kundi la WhatsApp la wasikilizaji, hata kwa nia ya kuombeana. Siri ina mpaka mmoja, nao mpigaji huambiwa mapema: maisha ya mtu yakiwa hatarini papo hapo, au mtoto anapodhuriwa, kituo kitatafuta msaada.

Kwa miaka mingi wapigaji walitanguliza swali, "Mtaniitia polisi?" Hawakuwa wakiogopa bure. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka miwili. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo haujamfikia kila mtu, na kila msikilizaji anapaswa kuwa nao tayari kwa sentensi moja, kwa sababu hofu ya pingu ndiyo iliyowafanya wengine wasitaje mahali walipo.

Wapo wanaouliza kama ni lazima uwe na shahada ya saikolojia. Si lazima, na ushahidi wake ni wa zamani. Kasisi Chad Varah alipoanzisha huduma ya simu katika kanisa la St Stephen Walbrook, London, Novemba 1953, alidhani yeye ndiye angezungumza na wenye shida, na waliojitolea wangepika chai na kukaa na wanaongoja. Punde akaona kwamba wengi wa waliokuwa wakingoja walitulia kwa kuzungumza na wapika chai, hata wasihitaji tena kumwona yeye. Februari 1954 akawakabidhi kazi hiyo. Huo ndio mwanzo wa Samaritans, na mtandao wa Befrienders uliotokana nao ndio uliofika mpaka kwetu.

Ila wapika chai hao walichaguliwa na kusimamiwa, na hapo ndipo pa kukagua kituo kabla hujajiunga. Mafunzo ya maana huwa na mazoezi ya kuigiza simu, wawili wameketi migongo ikielekeana ili wasionane. Baada yake huja kipindi cha kusikiliza simu za kweli kwa hedifoni ya pili bila kusema neno, kisha kupokea huku mzoefu akisikiliza. Zamu isizidi saa 3 au 4, na usiku pasiwe na mtu mmoja peke yake chumbani. Baada ya simu nzito kuwe na dakika 15 za kutopokea nyingine, na kabla ya kwenda nyumbani kuwe na mazungumzo na msimamizi wa zamu: nini kimekukaa, nini unatamani ungesema. Asiyefanya hivyo hupanda matatu na sauti ile kichwani, na baada ya miezi michache huanza kukosa zamu bila kujua sababu. Uliza pia orodha ya rufaa, yaani ya mahali pa kuwaelekeza wapigaji, ilihakikiwa lini mara ya mwisho. Kumpa mtu namba ya kliniki iliyofungwa mwaka juzi ni kumwongezea mlango mmoja uliofungwa. Orodha inapaswa kupigiwa simu, namba moja baada ya nyingine, angalau kila mwezi, na iseme siku za kliniki, gharama na gari la kupanda. Aliyefiwa karibuni na mtu aliyejiua huombwa angoje kwanza. Aliyewahi kuugua msongo wa mawazo hazuiwi, mradi anajua dalili zake na ana mtu wa kumwambia.

Kwako Mhariri tuna ombi la lugha. Vichwa vya habari vya Kiswahili vimezoea "ajitia kitanzi", hata pale habari yenyewe inapomhusu mwanasiasa aliyejiharibia kura. Neno hilo linataja njia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari unaomba njia isitajwe, mahali pasielezwe kwa undani, na barua ya marehemu isichapishwe. "Amejiua" inatosha. Wala isiandikwe kwamba mtu "alijaribu akashindwa"; aliye hai hakushindwa jambo. Haya yana uzito wake. Mwaka 1987 wanahabari wa Vienna, Austria, walipewa mwongozo wa namna ya kuripoti vifo vya watu waliojiua kwenye treni za chini ya ardhi, na magazeti yalipobadilika, vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya muda mfupi.

Tunaomba pia namba ziwekwe chini ya kila habari ya aina hiyo, mwaka mzima, kwa herufi zinazosomeka bila miwani: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo ni ya bure, 116 ya watoto, ya bure pia, na inayotumika hata Tanzania na Uganda, 1195 kwa waliodhulumiwa kijinsia, na Befrienders Kenya, 0722 178 177, ambayo ni namba ya kawaida ya mkononi. Ipi ni ya bure isemwe waziwazi, kwa sababu mwenye shilingi mbili kwenye simu atachagua kwa hilo.

Na kwa anayetaka kujitolea: zamu za mchana hujaa mapema. Zinazobaki wazi ni za kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.

Wasikilizaji wa kujitolea,
Nairobi